Safari ya Kwenda Kufuta Jina Langu

Karanja na Odhiambo, mmeniuliza mara tatu ilikuwaje huko nyumbani, na mara zote tatu nimewajibu kwamba ni hadithi ndefu, halafu nikasogeza kete. Leo nimeamua kuandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo pale mbele ya duka mtanikatiza kabla sijafika Nakuru. Wengine watakaosoma wajue tu kwamba sisi ni watu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, tunaocheza drafti kwa vifuniko vya soda kila jioni, kwamba mimi ni fundi wa kuandika mabango, na kwamba kwa miaka mingi nimewaambia hawa wawili kuwa Mungu hayuko. Nimewaambia hivyo hata nikiwa na rangi mkononi, nikiandika ubao wa kanisa.

Mnakumbuka ilivyoanza. Mtu wa kwetu Bunyore alikuja kuandikiwa kibao cha kinyozi, akanitajia hivi hivi kwamba jina langu bado linaitwa kanisani. Kanisa la kwetu lina desturi yake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwalimu wa kanisa hufungua kitabu na kusoma majina ya wale waliokwenda mbali kutafuta kazi. Jina likisomwa, mtu mmoja husimama na kuitika kwa niaba yake, "Yuko. Ni wetu." Akikosekana wa kuitika miezi mitatu mfululizo, jina linafutwa.

Mama yangu ndiye aliyeniitikia tangu siku nilipokuja mjini. Lakini mama alifariki miaka miwili iliyopita, kwa hiyo nilijua nimekwisha kufutwa, wala sikujali. Sasa huyu bwana ananiambia jina linasomwa na linaitikiwa! Nikamuuliza ni nani anayeitika. Akasema hajui, yeye huenda kwao Krismasi tu na habari hii aliisikia kwa wengine.

Nilikasirika, ninyi wawili ni mashahidi. Niliapa nitakwenda nilifute mwenyewe, tena kama fundi, nilipake rangi nyeupe mara mbili ili lisionekane tena. Mlicheka mkanipigia makofi.

Ambalo sikuwaambia ni hili. Tangu mazishi ya mama, ambapo sikutoa hata chozi moja, hakuna kitu kilichokuwa na ladha kwangu. Nilikula, nilifanya kazi, nilibishana nanyi na kuwashinda, kisha nikarudi nyumbani na kukaa nikiutazama ukuta. Nilipomwambia mke wangu Perisi kuhusu safari, nilidhani atalia, maana yeye ni mtu wa kanisa. Hakulia.

"Nenda," alisema. "Kama ni kulifuta, lifute. Lakini usirudi hapa vile vile ulivyo, Baba Dina. Nimechoka kuishi na mtu ambaye hayuko."

Hayo ndiyo niliyobeba safarini, pamoja na begi.

Umoja hadi Majengo

Habari za kutafuta tikiti naziacha, hazina utamu. Jumamosi asubuhi niliamka mapema nikaamua kutembea hadi mjini, kwanza kwa sababu miguu yangu haijui kukaa nikiwa na hasira, pili kwa sababu nilitaka kupita Pumwani, kwa Bi Zena wa Majengo.

Bi Zena ndiye mwenye nyumba aliyenipangisha chumba changu cha kwanza hapa Nairobi. Yeye ni Mwislamu, anauza mahamri barazani pake, na mama alipokuja kunitembelea siku zile walishikana urafiki wa ajabu, huyu akiongea Kiswahili cha Majengo na yule akijibu kwa Kinyore, lugha ya kwetu. Tangu hapo, kila akisikia ninakwenda nyumbani, humfungia mama mahamri.

"Unakwenda kumwona mama?" aliniuliza akigeuza mahamri katika mafuta.

"Ninakwenda kanisani kwao, Bi Zena. Ninataka walitoe jina langu kwenye kitabu. Mimi siamini mambo hayo."

Akaacha mwiko. "Mwanangu, dini yako si yangu, lakini hilo silipendi. Mama amesemaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Miaka miwili nilikuwa nimempitia mwanamke huyu bila kumwambia kwamba rafiki yake amekufa, kwa sababu ningemwambia angelia, nami ningesimama pale nimekauka kama kuni. Nikasema, "Mama hajasema kitu." Akafunga mahamri kumi kwenye gazeti, akafunga na uzi.

"Mpe, umwambie ni ya moto, Zena ameyapika leo."

Nikayapokea. Niliona aibu, lakini nikaenda zangu.

Mjini hadi Nakuru

Basi lilikuwa liondoke saa moja. Saa tatu lilikuwa bado linanguruma pale pale, dereva akinywa chai, kondakta akituhakikishia kwamba tumeshaondoka. Hatimaye kijana mmoja mwenye tai aliingia, akatuombea safari njema kwa sauti ya kuwaamsha hata watu wa basi jirani, na watu wote wakasema amina isipokuwa mimi.

Mama niliyekaa naye alitambua. Alikuwa mama wa makamo kutoka Murang'a, muuza mboga katika soko la mjini, akienda Kisumu kumwona binti yake aliyeolewa huko. Watu walimwita Mama Wanjiru.

"Umeokoka?" akaniuliza kabla hatujamaliza mteremko wa kwanza.

"Mimi siamini kama Mungu yuko, mama."

Nikajiweka sawa kitini. Mnazijua hoja zangu, nyote mmeshazisikia. Nilizipanga moja moja, nikangoja aanze.

"Haya," alisema. "Na umekula?"

Akafungua leso, akanipa nduma ya kuchemsha. Nilikuwa na njaa kweli kweli, maana hasira ilinifanya niruke chai. Nikala ya kwanza, nikala ya pili. Nikasema asante.

"Usinishukuru mimi, mimi nilichemsha tu," alisema, akaegemea dirisha akalala fofofo. Hoja zangu zote zikabaki bila mtu wa kuzisikia hadi Nakuru.

Kericho, nilipoachwa

Kwenye milima kabla ya Kericho injini ilichemka, tukakaa kando ya barabara saa nzima kwenye mvua nyembamba, wanaume wakitoa ushauri na dereva akikataa wote. Tulipofika Kericho kondakta alitangaza dakika kumi. Nikaacha koti kitini, nikaweka na mahamri ya Bi Zena juu yake, nikaenda hotelini kunywa chai. Chai ya huko ni nzito na wanaijaza hadi ukingoni, huwezi kuibugia. Nilipotoka, basi halikuwepo.

Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Kondakta aliuliza, "Kila mtu yuko? Huyu wa kiti kile yuko?" Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akajibu kwa wema kabisa, "Yuko." Aliliona koti, na Mama Wanjiru alikuwa amelala tena.

Basi hebu nioneni nimesimama pale kwenye matope. Ninakwenda kukomesha tabia ya watu kusema niko mahali ambapo siko, na sasa nimeachwa njiani kwa tabia ile ile! Nilicheka peke yangu kwa hasira. Nikajiambia kesho nitawasimulia kanisani jambo hili liwe ushahidi wangu wa kwanza.

Dereva wa lori la majani chai alinihurumia, akanipakia mbele. Hatukuenda mbali. Baada ya kona chache, basi langu lilikuwa limesimama kando, na Mama Wanjiru amesimama mlangoni mikono kiunoni, hamruhusu kondakta kuufunga.

"Nimewaambia mtu hawezi kuacha mahamri ya mama yake akaenda zake," alisema aliponiona. Nilikuwa nimemwambia kuhusu yale mahamri tulipotoka Nakuru, bila kumwambia yaliyobaki.

Mzee wa nyuma alisimama akanipa mkono. "Nisamehe, ndugu. Nilikuona kwa koti lako."

Nikamwambia si kitu. Nilimaanisha, maana nilikuwa na furaha ya kuwa kavu. Lakini Mama Wanjiru alinitazama kwa makini, akaniuliza kama mama yangu ni mzima. Nikamwambia ukweli. Alikuwa mtu wa kwanza wa nje kuusikia kutoka kinywani mwangu. Hakuhubiri. Alinishika mkono, akaendelea kuushika hadi tulipoanza kuliona ziwa kwa chini.

Luanda hadi kwa kaka

Nilishuka Luanda jua likiwa linazama, nikapanda kilima kwa miguu kati ya yale mawe makubwa ya kwetu. Kaka yangu Eliakimu alinipokea kwa kelele, akamkimbiza jogoo mwenyewe. Tulikula ugali wa wimbi, kuku na mboga ya mrenda. Firigisi aliila yeye, kwa kuwa sasa ndiye baba wa boma, na akahakikisha nimemwona akiila.

Nilipomuuliza nani huniitikia kanisani, alifuta mikono taratibu.

"Kesho ni Jumapili ya kwanza. Utamsikia mwenyewe. Nikikuambia sasa utarudi Nairobi kwa miguu."

Kanisani

Nilikaa nyuma karibu na mlango, upande wa wanaume, nikiwa na maneno yangu tayari. Baada ya nyimbo, mwalimu wa kanisa alifungua kitabu. Bibi mmoja alisimama mara tatu kwa ajili ya wanawe watatu, na kila mara alinyoosha kitambaa chake kwanza. "Yuko Mombasa. Ni wetu." "Yuko Thika. Ni wetu."

Kisha likasomwa jina la mtu niliyesoma naye. Hakuna aliyesimama. Mwalimu akalirudia, akangoja, akatazama pande zote mbili. Akasema huu ni mwezi wa tatu. Akachukua rula, akapiga mstari, na kanisa zima likasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Nilikuwa nimekuja kilomita zote hizo kudai mstari kama huo. Nilipousikia ukipigwa kwa mwenzangu, nilijikuta nikitafuta kwa macho mtu wa kumwitikia.

"Hezron Akhonya," akasoma mwalimu.

Kabla sijajua nifanye nini, fimbo iligonga sakafu mbele kabisa, na mzee mmoja akainuka polepole. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Yuko Nairobi," alisema. "Ni wetu."

Alikuwa Mzee Nathani.

Lazima niwaeleze Nathani ni nani. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu aliugua. Nathani, rafiki yake na mzee wa kanisa, aliniwekea mkono kichwani akasema, "Omba, mwanangu. Ukiomba kwa moyo wote, baba yako atapona." Niliomba siku nne, nikikataa chakula. Siku ya tano baba akafa. Pale kaburini nilibaki na mambo mawili ya kuchagua. Ama hakuna yeyote aliyekuwa akinisikia, ama moyo wangu haukuwa wote na mimi ndiye niliyemuua baba. Hilo la pili nisingeweza kuishi nalo, kwa hiyo nilichukua la kwanza. Hoja zile nyingine, ndugu zangu, nilizitafuta baadaye.

Sikusimama. Maneno yangu niliyoyapanga kutoka Umoja sikuyatoa, na ibada ikaisha.

Kwa Nathani

Mchana nilikwenda kwake na yale mahamri, sijui kwa nini niliyabeba. Alikuwa ameketi uani.

"Ni nani?"

"Ni Hezron, mwana wa Akhonya."

Fimbo ilimponyoka. "Uko hapa? Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Nami leo nimesema uko Nairobi! Nimedanganya kanisani!" Alishika kichwa, kisha akaanza kucheka, nami kwa kuwa sikutegemea, nikacheka pia.

Tulipotulia nikamwambia. "Mzee, nimekuja jina langu lifutwe. Mimi siamini."

"Ninajua. Mama yako aliniambia."

"Mbona basi unaitika?"

"Mimi sijawahi kusema unaamini. Nilisema u wetu."

 Akapapasa hadi akapata goti langu.

"Siku ile nilikuahidi jambo ambalo Mungu hakunituma nikuahidi," alisema. "Niliogopa. Sikutaka rafiki yangu afe, nikamtilia Mungu maneno kinywani, halafu nikamwachia mtoto mzigo wote. Nilijua hivyo siku tulipomzika, nilipouona uso wako. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Mama yako alipokuwa karibu kuondoka nilimwomba anikabidhi jina lako, walau niitike. Nisamehe, mwanangu."

"Kwa hiyo si moyo wangu uliopungua?" nikauliza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto, nami ni mtu wa ndevu.

"Haukupungua hata kidogo."

Nililia. Nilimlilia baba, nikamlilia mama, nikalilia na ile miaka yote niliyokaa nikiutazama ukuta. Mzee hakuniambia ninyamaze. Odhiambo, ninajua utasema machozi si hoja, nami ninakubaliana nawe. Lakini nilipomaliza kulia niligundua kwamba kitu nilichokikana maisha yangu yote kilikuwa ahadi ya mtu mwenye hofu. Mungu mwenyewe sikuwa nimemuuliza hata mara moja tangu siku ile.

Nathani alisema, "Yesu naye msalabani aliuliza kwa nini ameachwa, na hakujibiwa saa ile. Mtu huyo ndiye ninayemwamini. Yule wa ahadi yangu usimwamini, nilimtengeneza mimi. Sasa muulize mwenyewe, nami nitanyamaza."

Akanyamaza kweli. Kuku walikuwa wakichakura. Nilisema, "Kama uko, mimi niko hapa. Nimechoka. Nipokee." Basi, hayo tu. Hakukuwa na sauti wala mwanga. Ila ile hali ya kuwa peke yangu, ambayo nilikuwa nimeizoea kiasi cha kuiona ndiyo akili timamu, haikuwepo. Nilihisi mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Nikasikia njaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nikawa ninatamani chakula fulani, chai ya maziwa na mahamri ya Bi Zena.

Mkwe wa mzee alituletea chai. Mahamri yalikuwa magumu, tukayachovya. Nilipomweleza yametoka kwa nani na kwa nini, mzee aliacha kutafuna.

"Ukirudi umwambie mama huyo ukweli. Usimwache akimpikia marehemu."

Kisha hakutulia mpaka tukaenda kwa mwalimu wa kanisa kurekebisha uongo wake wa asubuhi. Mwalimu alikuwa anakamua ng'ombe. Alinawa, akaleta kitabu, akasema jambo la kanisani linarekebishwa kwa utaratibu wa kanisani. Akasimama wima mlangoni pa zizi, akasoma, "Hezron Akhonya."

"Niko," nikaitika.

Nilishindwa kumalizia. Nathani akanimalizia, "Ni wetu."

Kurudi Umoja

Safari ya kurudi haina visa, basi liliondoka kwa wakati na koti langu sikulivua. Nilishukia mjini nikaenda moja kwa moja Majengo. Bi Zena alilia, kisha akanigombeza vibaya, miaka miwili amekuwa akimtumia salamu mtu aliye kaburini! Halafu akamwombea mama kwa namna ya dini yake, nami nikasimama kando yake nikilia waziwazi barazani, wateja wakitutazama. Alinifungia mengine, safari hii ya Perisi.

Perisi alifungua mlango, akanikagua usoni kwa muda mrefu.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Ndiyo," alisema, akachukua begi. "Ninaona."

Jioni ile mlinikuta mbele ya duka, na wewe Karanja ukanipigia kelele kutoka mbali, "Niaje Akhonya! Jina limefutwa ama halijafutwa?" Sasa mnajua. Halikufutwa.

Jambo moja limebaki. Kanisa la Perisi hapa Umoja halina desturi ya kuita majina. Nilimuuliza mchungaji kama ni vibaya kuianzisha, akasema si vibaya, akanipa daftari. Nimeyaandika majina kwa mkono wangu wa kazi, kwa herufi kubwa. La kwanza ni Karanja, la pili ni Odhiambo. Jumapili iliyopita mchungaji aliyasoma, watu wakageuka huku na huku kuwatafuta wenyewe, nami nikasimama mara mbili.

"Yuko mbele ya duka anacheza drafti," nikasema. "Ni wetu."

Mkikasirika, sitawalaumu, hata mimi nilikasirika. Njooni Jumapili ya kwanza myafute wenyewe.